Mafundo Matatu ya Eliud

Mwanza, 12 Novemba 2023

Shangazi yangu Vero,

Shikamoo. Naomba kwanza ukae chini, maana nakujua, ukisoma barua umesimama unaruka mistari. Mimi sijambo. Mafua yameniacha, ila Mwanza joto limezidi mpaka natamani ukungu wa Chonyonyo wa asubuhi. Nisalimie kina mama wa kwaya, na umwambie mchungaji kwamba bado nasali.

Kahawa ya kutafuna imefika salama. Nilijua ni kazi ya Eliud kabla sijasoma jina juu: ganda kavu la mgomba, kamba ya mgomba, na mafundo matatu yamepangana upande wa kushoto. Tangu utoto kaka yangu hajawahi kufunga kitu kwa fundo moja. Niliwagawia wenzangu kazini, wakatafuna huku wamekunja nyuso, halafu wakaomba tena.

Umesema umechoka kuwaambia watu "Evangelina yuko hospitali" halafu wanadhani mimi ni nesi. Mimi ni msaidizi wa utafiti. Maabara yetu inachunguza ubongo wa watu wanaosikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, yaani watu kama Eliud wetu. Mgonjwa akija namsomea fomu. Akikubali, namvalisha kofia yenye nyaya, napaka jeli kila waya unapogusa kichwa, kisha anasikilizishwa mlio mmoja, tii, tii, tii, mamia ya mara. Katikati unaingizwa mlio tofauti kidogo. Ubongo wa mtu asiyeumwa hushtuka, hata kama mwenyewe anatazama picha na wala hasikilizi. Kwa wagonjwa wetu wengi mshtuko huo huwa mdogo, nasi tunataka kujua kwa nini. Mwisho nawaosha nywele kutoa ile jeli. Wengine hufumba macho, na mmoja aliniambia hajaguswa kichwa na mtu tangu mama yake afe.

Sasa lililonifanya niandike. Wazazi wa Deodatus watakuja kujitambulisha hapo nyumbani Desemba kumi na sita. Ya maandalizi tutaongea kwa simu ya dukani kwa Nolasco kama kawaida. Lakini hili siwezi kulitamka Omurushaka nzima ikisikia, na tangu Eliud aitumbukize simu yako chooni kwa madai kwamba inamtaja jina, sina njia nyingine ila karatasi.

Siku hiyo Eliud asikae mbele. Sisemi afichwe. Mama yake Deodatus ni mtu wa kuulizauliza, na unajua watu wanavyochunguza ukoo wa binti. Baba na mama hawapo, wewe ndiye uliyetulea, na wewe ndiye shangazi. Utajua la kufanya.

Mwanao,
Evangelina


Chonyonyo, 20 Desemba 2023

Mwanangu Vange,

Marahaba. Nimekaa, tena kwenye kiti chenye mto, usinifundishe kusoma. Nilikuwa katibu wa kwaya kabla wewe hujaota meno. Huku mvua imenyesha vizuri, migomba imebeba, mbuzi mwekundu amezaa mapacha, na mgongo wangu unanikumbusha umri kila ninapoinama.

Wageni walikuja watu tisa. Walikula, wakanywa, wakasifu ndizi. Huyo Mama Adelgunda, mamamkwe wako mtarajiwa, ana macho! Aliitazama nyumba mpaka paa. Akaniuliza, "Marehemu kaka yako aliacha watoto wangapi?" Nikamjibu wawili, wa kiume yuko shambani. Nilisema kweli, waitu. Eliud alikuwa shambani tangu asubuhi, anaegemeza migomba kwa miti na kuifunga, maana upepo ulikuwa umeangusha mikungu miwili. Kahawa waliyotafuna aliichemsha yeye. Mama Adelgunda alizisifu zile punje akauliza nani kazitengeneza. Nikasema mimi.

Lipo moja. Katika maongezi wakataja kwamba binti wa dada yake, anaitwa Prudensia, ni nesi, na amehamishiwa huku kwetu. Kumbe ndiye yule msichana mpya wa kliniki, yule anayewapiga wagonjwa wa akili sindano ya mwezi. Nilikuwa nampelekea Eliud kila mwezi bila kujua. Novemba alinipokea vizuri, akaandika jina letu lote kwenye daftari. Lakini mwezi huo ukoo wao ulikuwa haujaja kwangu.

Usiwaze. Umeniambia nitajua la kufanya, na nitajua. Kahawa nimeitia humu, Eliud ameifunga mwenyewe, amecheka nilipomwambia unawapa watu wasiojua kutafuna.

Shangazi yako,
Vero


Mwanza, 21 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka huu, ingawa umeshaanza kuzeeka. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi mwekundu. Deodatus anakusalimu. Amenunua suti ambayo mikono imemzidi, nimemwambia aipeleke kwa fundi kabla hajaonekana nayo na mtu.

Kazini tulipungukiwa watu wa kulinganisha, yaani wasioumwa, ambao mawimbi ya ubongo wao huwekwa kando ya yale ya wagonjwa ili tofauti ionekane. Daktari Costansia, mkubwa wetu, akasema tujitolee sisi wenyewe. Basi nikavaa kofia ambayo siku zote nawavalisha wengine. Ni baridi, Shangazi, sikuwahi kujua kwamba ile jeli ni baridi hivyo. Kwetu hakuna majina, kila mtu ni namba. Mimi ni arobaini na moja.

Kabla ya kofia kuna maswali. Huwa nayauliza mimi, safari hii niliulizwa. Moja linasema: "Katika ndugu zako wa damu, yuko aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?" Tumefundishwa tukiuliza hilo tungoje, tusimharakishe mtu, kwa sababu wengi hutazama chini kwanza. Mimi sikutazama chini. Nilijibu mara moja tukaendelea na swali linalofuata.

Ubongo wangu ulishtuka kila ulipotakiwa. Daktari alinionyesha kwenye kompyuta, mstari unashuka chini palepale mlio ulipobadilika. Akasema ni mfano mzuri, ataufundishia.

Shangazi, Eliud alipata sindano ya Desemba? Na ya Januari? Hukuandika.

Evangelina


Chonyonyo, 2 Machi 2024

Mwanangu Vange,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na palizi, halafu msiba wa mzee Kashaija jirani yetu, halafu semina ya kina mama ya usharika, ambako nilichaguliwa kuwa mweka vyombo. Kuweka vyombo ni kazi ya kugombana na watu juu ya vijiko. Nimeshagombana na wawili.

Maharage yamekubali. Mapacha wa mbuzi wanaruka. Nimepata kitambaa cha sare ya harusi, rangi ya zambarau, na kama Mama Adelgunda hakuipenda atafumba macho. Tumekubaliana Julai sita, Jumamosi. Kukuaga tutakuaga hapa nyumbani Alhamisi ya wiki hiyo, halafu tutashuka wote Bukoba kwa ibada.

Eliud hajambo. Anakula.

Kahawa naituma kama kawaida.

Shangazi yako,
Vero


Mwanza, 14 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Kahawa imefika, asante. Mzee Kashaija nimemlilia kweli, ndiye aliyenifundisha baiskeli.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa kiume, umri kama wa Eliud. Kijana alikuwa na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, zilizopona na mbichi. Nilipokuwa namvalisha kofia aliniomba nisimfunge. Nikamwambia hii ni kofia tu, unaweza kuivua wakati wowote. Akaivua na kuivaa mara nne ili ahakikishe, nami nikangoja. Mama yake alikuwa analia mlangoni, anasema hawakuwa na namna, dawa ziliisha kijijini na wao wakanyamaza kwa ajili ya aibu.

Sikuandikii haya ili ujisikie vibaya. Nakuandikia kwa sababu hukunijibu. Ile sindano inakaa mwilini mwezi, baada ya hapo inapungua kidogokidogo, na mtu anaanza kurudi kule alikokuwa bila yeye kujua. Kama tatizo ni Prudensia, mpeleke hospitali nyingine, hata Kyerwa.

Ningekuja mwenyewe, ni safari ya siku moja tu, lakini tuko katikati ya kukusanya takwimu, halafu kuna vikao vya harusi.

Evangelina


Chonyonyo, 19 Mei 2024

Evangelina,

Marahaba. Sisi wazima, na ninyi huko muwe wazima.

Umeniandikia habari ya mama wa watu na kamba. Nimeisoma mara mbili. Sasa na mimi nikuandikie. Nani alinipa neno kwamba asikae mbele? Nani alisema wewe ndiye shangazi, utajua la kufanya? Uko huko unaosha nywele za watoto wa wenzako. Mimi niko hapa na wa kwetu, na nina harusi ya kuandaa. Hospitali ya Kyerwa unadhani naenda kwa mguu, nimemshika mkono mtu anayeamini kwamba kila pikipiki inayopita imetumwa kumchukua?

Eliud yuko Nyakakika kwa Polikarpi, binamu ya marehemu mume wangu. Huko ni kimya, hakuna wapita njia, anamsaidia kazi za shamba. Atarudi harusi ikiisha, na sindano yake ataipata harusi ikiisha. Ni wiki saba tu. Polikarpi ni mtu wa maombi.

Usiniulize tena jambo hili.

Vero


Mwanza, 22 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, na mimi sasa ni mke wa mtu, hata sahani zetu zote ni mpya. Deodatus anasema mnajua kucheza ninyi wa Karagwe. Picha zimetoka. Katika nyingi umefunga kilemba chako cha zambarau na mdomo umeufumba kabisa, wewe ambaye hujawahi kupigwa picha bila kuongea.

Siku ile ya kuagwa nilikaa kwenye mkeka mliponikalisha, nikapewa mausia, nikapewa zawadi. Nilipopita jikoni niliona miti ya kuegemezea migomba imeegeshwa ukutani, haijaguswa, na huku Juni na Julai ndiyo yenye upepo. Sikukuuliza. Uliponiletea chakula ulinitazama, nami nikatazama sahani. Nadhani wewe ulikuwa unangoja niulize, na mimi nilikuwa nangoja useme.

Sasa nikuambie nililokataa kulisema. Ile kahawa ya Machi ilikuja imefungwa kwa fundo moja. Kamba ya mgomba, ganda la mgomba, na fundo moja katikati, la haraka. Nililiona palepale dirishani kwa wakala wa basi. Nilishtuka, Shangazi. Kazi yangu ni kutazama ubongo unavyoshtuka kitu kinapobadilika, na wangu ulishtuka vizuri sana, kama kwenye kompyuta ya Daktari Costansia. Nikafungua, nikatafuna, nikakuandikia "kahawa imefika, asante." Nilijua kwamba hajaifunga yeye. Nikahesabu miezi iliyobaki kufika Julai, nikaona inatosha kuvumilia.

Na lile swali la fomu nilijibu "hakuna." Nilimfuta kaka yangu kwa neno moja, mbele ya mwenzangu aliyekuwa anaandika kwa kalamu yangu.

Harusi imeisha. Ulisema ataipata sindano harusi ikiisha. Na simu vilevile: kama Eliud yuko Nyakakika tangu Mei, kwa nini hujanunua simu nyingine? Naomba unijibu kwa basi la kwanza. Yuko wapi?

Vange wako


Chonyonyo, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, Vange.

Sikununua simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza, nikinyamaza ungesikia nimenyamaza. Barua inanipa muda.

Sijui yuko wapi.

Nitaandika kwa mpangilio, kama muhtasari wa kikao, nisije nikashindwa. Desemba sikumpeleka. Januari nesi Prudensia alikuja hapa nyumbani kwa mguu, na sindano ndani ya mkoba, kauliza mbona Eliud hajaonekana. Nilikuwa nimemkalisha nyuma ya jiko, nimemwambia atulie. Nikasema amehamia Muleba. Akasema, "Mama, huko Muleba mwambieni asiache." Februari akaja tena, kuuliza kama kapata kliniki. Nikamwambia kapata. Alinishukuru, akanipa na karatasi ya kupeleka huko. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Mwishoni mwa mwezi huo Eliud alianza kusema na migomba. Alikataa kugusa kamba, akasema kamba zinasikiliza, ndiyo maana nilifunga ile kahawa mwenyewe. Nilipoifunga nilikumbuka yale mafundo yake. Nikasema moyoni, Vange ataona. Nilitaka uone. Ulipojibu "imefika, asante", nikajua tumekubaliana.

Polikarpi alimfunga. Sikumwambia amfunge, wala sikumwambia asimfunge. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili Eliud aliniomba maji kwa heshima, kama mgeni. Nikampa, nikaondoka kwa sababu pikipiki ilikuwa inangoja.

Ijumaa ya Juni ishirini na moja alijifungua kamba akaondoka. Watu walimwona akielekea upande wa Kyerwa, miguu mitupu. Polikarpi alikuja kunipa habari kesho yake. Akasema twende tukatangaze, Jumapili isomwe kwenye makanisa yote ya huku na ya Kyerwa, na redioni pia. Unajua tangazo linavyosomwa: anaitwa fulani, mtoto wa marehemu Cleophace, wa Chonyonyo, ana tatizo la akili, atakayemwona. Nikamwona akilini Mama Adelgunda akilisikia. Kitambaa kilikuwa kimeshashonwa. Nikamwambia Polikarpi tungoje wiki mbili, Eliud ni mtu mzima, atarudi mwenyewe akiona njaa.

Ndipo nikacheza kwenye harusi yako. Ile siku ya chakula nilikuwa nataka kukuambia. Ulitazama sahani, nikashukuru.

Baada ya harusi tumemtafuta mimi na Polikarpi kimyakimya. Bado hatujatangaza. Hata sasa sijatangaza, Vange. Nashindwa kuliandika lile tangazo, mimi niliyekuwa katibu.

Vero


Mwanza, 8 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka ni mimi niliyeanza. Sina la kukuhukumia. Ungekuwa umefanya haya peke yako ningekuwa na haki ya kukulaumu, lakini tulikuwa wawili.

Deodatus nimemwambia yote. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo siku ile tunacheza, alikuwa porini?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo anaongea na mimi ya lazima tu. Hakusema neno lolote juu ya ugonjwa. Mama yake naye ameambiwa.

Asubuhi nilikwenda kwa Daktari Costansia nikamwambia namba arobaini na moja alisema uongo. Alingoja niendelee, kama tunavyofundishwa. Kisha akaleta fomu, nikakata "hakuna", nikaandika "kaka", nikaweka sahihi na tarehe. Mawimbi yangu yataondolewa kwenye kundi la wasioumwa. Kazi hajasema ataninyang'anya, ila picha za mawimbi yangu, alizokuwa amezibandika ukutani kwa kufundishia, amezishusha mwenyewe, nikiwa nimesimama.

Tangazo nimeliandika. Mpe mchungaji na mpe Nolasco alipeleke redioni. Usipunguze neno:

"Anatafutwa Eliud Cleophace wa Chonyonyo, wilaya ya Karagwe, umri miaka thelathini na moja. Ni mrefu, mwembamba, ana kovu la panga kwenye goti la kulia. Ni mgonjwa wa akili. Aliondoka Nyakakika tarehe 21 Juni akielekea Kyerwa. Si mkali, msimfukuze wala msimfunge. Akiogopa, mwacheni akae karibu na migomba. Akifunga kitu chochote hufunga mafundo matatu, upande wa kushoto. Atakayemwona amwambie kwamba dada yake Evangelina anamtafuta."

Nakuja nikipata ruhusa.

Vange


Chonyonyo, 27 Agosti 2024

Mwanangu Vange,

Marahaba. Safari hii kaa wewe.

Tangazo lilisomwa Jumapili ya tarehe kumi na nane, lote, hata lile la ugonjwa wa akili. Nilisimama liliposomwa ili watu wajue ni wa kwangu. Kina mama wa kwaya walikuja kunishika mikono, hata wale wa vijiko.

Jumatano alikuja mtu kutoka Kyerwa na pikipiki, anaitwa Aristides, mkulima. Alisema mwezi wa sita, Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, alitoka kanisani akakuta mtu ndani ya shamba lake, amekaa chini ya migomba, miguu imepasuka. Hakutaka kuingia ndani wala kutaja jina. Wakawa wanampelekea chakula pale pale. Kesho yake Aristides akaona migomba yake yote iliyokuwa imeinama imeegemezwa kwa miti na kufungwa. Kila siku mtu yule aliamka akafunga mingine. Alikaa nao siku tisa. Siku ya nane akashikwa homa kali, wakataka kumpeleka zahanati, akashikilia mgomba mpaka wakamwachia. Alfajiri ya Julai pili walimkuta amefariki. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kila mahali, hakuna aliyemjua. Wakamzika kwa heshima zote. Kwenye msalaba waliandika "Mgeni".

Jumapili ya tangazo, yule Aristides alisikia habari ya mafundo, akatoka nje ya kanisa kabla ya baraka, akaenda shambani kuyahesabu.

Aliniuliza kwa upole tu, si kwa kunilaumu, "Mama, mbona hamkutangaza ile Jumapili ya kwanza? Ningemleta mwenyewe na hii pikipiki, hata saa mbili hazifiki." Nikampa maji ya kunawa, nikamkaribisha chakula, akala, nami nikakaa pale nikimtazama anavyokula.

Tulikwenda naye kesho yake, mimi na Polikarpi. Kuna mtu mwingine alikuja bila kuitwa, nesi Prudensia. Alisimama nyuma, akalia kuliko sisi. Mama Adelgunda ametuma shuka na salamu. Anasema angetaka kuzika, siyo kupewa habari. Msalaba tumeubadilisha. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu: Eliud Cleophace, Chonyonyo.

Kaburi liko pembeni mwa shamba. Migomba aliyoifunga ni arobaini na sita, nimeihesabu. Kila mmoja mafundo matatu, upande wa kushoto, hata ile ya siku ya mwisho alipokuwa na homa. Kamba aliyokuwa anaogopa kuigusa hapa kwangu, kule aliigusa.

Humu sikutia kahawa. Sikupata wa kuichemsha.

Aristides anataka kukata mikungu iliyokomaa na kuondoa miti, maana msimu mwingine unaanza. Ameniuliza kama anaweza kufungua yale mafundo. Nimemwambia angoje mpaka ufike.

Shangazi yako,
Vero